UZI: Silikanti wa Kigombe hakuwaumbua wanafalsafa wa akili, waliumbuka wengine

#1 Raskazone_Jioni

Wakuu salaam. Wana Tanga nawasabahi, wageni karibuni jamvini.

Juzi humu kulikuwa na uzi wa silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa huku kwetu. Ulikwenda vizuri mpaka mjumbe mmoja akahitimisha kwa kejeli kwamba samaki huyo amewaumbua wanafalsafa wa kundi la Descartes, wale wanaojifungia chumbani na kutuamulia dunia ilivyo. Makofi yakamiminika. Mimi naona pale mtu kahukumiwa kwa kosa la jirani yake, na nilipotaka kujibu uzi ulishafungwa. Basi nafungua wangu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na samaki mwenyewe. Wataalamu walimjua silikanti kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe. Kwenye miamba ya umri wa chini ya miaka kama milioni 66 hakuonekana tena, wakahitimisha kwamba alitoweka zama zile zile za madinosaria. Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamtoa baharini Afrika Kusini, karibu na mdomo wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mji wa East London, akamwona ndani ya rundo la samaki, akashangaa yale mapezi yaliyokaa kama miguu, akamwandikia msomi J.L.B. Smith barua yenye mchoro. Mwaka 1939 samaki akapewa jina la kisayansi kwa heshima ya mama huyo na mto ule: Latimeria chalumnae. Huku Tanga, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, jarife za kutegea papa zikaanza kumleta juu mara kwa mara, hasa upande wa Kigombe na Mwarongo, hadi mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Sasa niulize. Yule aliyesema silikanti hayupo tena, neno hilo alilitoa wapi? Hakulitoa kwa kufumba macho na kutafakari. Alichimba, akatazama, hakuona, akasema hayupo. Hiyo ni kazi ya macho mwanzo mwisho. Kama kuna waliopatwa na fedheha ni wale wanaosema maarifa yote yanaingia kwa milango mitano ya fahamu, kisha wakageuza "hatujamwona" kuwa "hayupo". Descartes wa watu hakuwemo kwenye kikao hicho.

Wale wanaoitwa warazini, watu wa akili, walidai jambo jingine: kwamba yapo mambo ambayo akili huyajua yenyewe, na inayajua kwa uhakika ambao macho hayawezi kuupata hata yakikodoa miaka mia. Pembe za ndani za pembetatu ni jumla ya pembe mraba mbili. Hukuzunguka kupima pembetatu zote za duniani ili ulijue hilo, na hutatuma mtu Kigombe akaangalie kama kuna moja imenaswa yenye jumla nyingine. Akili ina neno "lazima" na ina neno "haiwezekani". Macho yana "nimeona" na "sijaona". Ugomvi wote wa nadharia ya maarifa, kuanzia karne ya 17 hadi leo, unazunguka hapo: "lazima" inatoka wapi ikiwa haijaingia kwa jicho?

Descartes, Mfaransa aliyezaliwa 1596, alilianza kwa njia ya ajabu kidogo. Katika Tafakuri zake za 1641 aliamua kukitilia shaka kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka. Macho? Mnara wa mraba ukiwa mbali unaonekana wa mviringo. Mwili wangu huu nilioukalia kitini? Mara ngapi nimeota nimekaa kitini, kumbe nimelala. Hesabu? Tuseme kuna shetani mwenye nguvu ambaye kazi yake ni kunipotosha kila ninapojumlisha. Akafukua hadi chini kabisa, akakuta jambo moja ambalo hata shetani huyo halifikii: ili nidanganywe sharti niwepo, na ninapofikiri nipo. Hapo ndipo alipoanza kujenga upya.

Ukitaka kuona anavyofanya kazi, chukua kipande cha nta ya Handeni iliyotoka mzingani sasa hivi. Bado ina utamu wa asali, ina harufu ya maua, ngumu, ya baridi, ukiigonga kwa kucha inatoa sauti. Isogeze kwenye jiko. Utamu umekwenda, harufu imekwenda, rangi imebadilika, umbo limekufa, imekuwa uji wa moto na ukiigonga hailii. Kila kilichoingia kwa pua, ulimi, mkono, jicho na sikio kimeondoka. Hata hivyo hakuna mtu duniani atakayekataa kuwa ni nta ile ile. Basi hiyo "ile ile" uliionea wapi? Descartes anasema hukuiona, umeielewa. Mfano huu wa nta ni wake mwenyewe, mimi nimeutia Handeni tu.

Nawasilisha. Tujadili bila matusi.

#2 Mkasi_Ngamiani

Nafikiri, kwa hiyo nina deni la kodi ya chumba. Ngoja nivute kiti.

#3 Mbishi wa Makorora

Mkuu Raskazone, umeandika kwa ufundi lakini umetupitisha vichochoroni. Pembetatu si kitu. Haivuliwi, hailiwi, haioi. Ukishasema pembetatu ni umbo la mistari mitatu iliyonyooka umeshaweka ndani yake hayo mengine yote, kisha unashangaa kuyakuta! Ni mtu kujificha sarafu mfukoni halafu apige kelele ameiokota.

David Hume, Mskoti, alilimaliza hili 1748. Alisema mambo ya akili yako mafungu mawili: uhusiano wa fikra tupu, kama hesabu, na mambo yaliyopo hasa. Fungu la kwanza lina hakika lakini halikuambii chochote kuhusu dunia. Fungu la pili linahusu dunia lakini halina hakika. Hata jua kuchomoza kesho, hakuna hoja ya akili inayolazimisha. Tumezoea tu. Silikanti aliyaishi hayo maneno: jana hayupo, leo yupo ndani ya jarife. Nani angeketi kwenye baraza akamvua kwa akili?

#4 MtotoWaKigombe

Jamani mnamzungumza huyo samaki kama malaika. Sisi tumemwona. Mkubwa, mzito, magamba magumu, mwili wa buluu wenye madoa meupe, na nyama yake ni mafuta matupu, haina mlaji. Anaharibu nyavu tu.

Lakini nina dukuduku. Mnasema "wataalamu hawakujua". Wa pili alipatikana Komoro 1952, baada ya Smith kusambaza karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100 kwa atakayemleta. Kumbe wavuvi wa kule walikuwa na jina lake zamani, wanamwita gombessa. Kwa hiyo kati ya 1938 na 1952 dunia nzima inamtafuta samaki ambaye mvuvi wa Nzwani (kisiwa cha huko huko Komoro) akimpata anakasirika. Sasa hapo akili, macho, wapi na wapi? Mimi naona shida ilikuwa nani anaulizwa.

#5 Raskazone_Jioni

MtotoWaKigombe, hilo ni zito kuliko la kwangu. Wacha nianze nalo, Mbishi atanisubiri.

Kuna mtu wa kundi hili la akili anaitwa Baruch Spinoza, wa Amsterdam, aliyezaliwa 1632. Jamaa zake Wayahudi walimtenga 1656 akiwa kijana, akaishi kwa kusaga vioo vya miwani na darubini, na kitabu chake kikubwa kikachapwa 1677 baada ya kufa kwake. Ndani yake kuna mfano wa wafanyabiashara ambao nadhani ulitungwa kwa ajili ya Soko la Mgandini.

Hesabu yenyewe ni hii: nimepewa namba tatu, nitafute ya nne inayolingana. Tuiweke kwenye machungwa ya Muheza. Machungwa 2 ni shilingi 500, mteja anataka 6, atalipa ngapi? Zidisha ya pili kwa ya tatu, gawa kwa ya kwanza: 1,500. Muuzaji wa kwanza anafanya hivyo kwa sababu mwalimu alimwambia ukikutana na hesabu hii zidisha hapa gawa pale. Hajui kwa nini. Wa pili hakusoma, lakini ameuza machungwa miaka, kila mara kanuni imetoka sawa, anaiamini kama anavyoamini mzani wake. Wa tatu ameipitia hoja ya Euklidi, yule Mgiriki wa kale wa jiometria, kitabu cha 7, anajua kwa nini haiwezi kutoka vingine hata kwa namba ambazo hajawahi kuzigusa. Wa nne ukimpa 1, 2 na 3 hahesabu kabisa. Anaona papo hapo kwamba ya nne ni 6, kwa sababu ameshika uhusiano wenyewe kwa mtazamo mmoja.

Wote wanne wanakupa chenji ile ile! Hilo ndilo linalonipendeza. Ukiwasikiliza kwa jibu tu huwezi kuwatofautisha. Spinoza anawapanga hivi: wa kwanza na wa pili, yaani kuambiwa na kuzoea, anawaweka daraja moja, la chini, wa tatu ni akili, wa nne ni mwono wa moja kwa moja, daraja la juu kabisa. Na anasema uongo huingia kwenye daraja la kwanza tu.

Rudi Komoro. Mvuvi wa Nzwani alikuwa na tajriba, msomi wa Ulaya alikuwa na vitabu vya kuambiwa na wenzake waliochimba. Kwa mizani ya Spinoza wote wawili wako daraja moja, na katika daraja hilo mvuvi alikuwa na tajriba ya kitu kilicho hai, msomi ya mawe. Msomi alijiona yuko daraja la akili, la muuzaji wa tatu. Hapo una haki kabisa kuuliza nani anaulizwa.

Mbishi, la sarafu mfukoni nitalijibu, lakini kwa vitendo.

#6 TalibuPwani

Assalaam aleykum. Naona mmeanzia Ufaransa, mmefika Uholanzi, mmeupita mlango wa karibu.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki huko huko 1111, aliandika habari za shaka yake karne tano na zaidi kabla ya Descartes, katika kitabu cha Mwokozi kutoka Upotevuni. Alitafuta elimu ya yakini, isiyobaki na shaka ndani yake. Akaanza kuyahoji macho. Unakitazama kivuli, unakiona kimesimama. Sasa sisi tunaosubiri adhuhuri tunakijua kivuli: ukikikodolea macho hakisogei hata unywele, ukiondoka ukarudi kimehama. Nyota unaiona kadiri ya dinari, na dalili za kijiometria zinakuambia ni kubwa kuliko ardhi. Akasema: basi jicho limekanushwa na hakimu wa akili.

Kisha akaenda pale ambapo wengi hawafiki. Jicho likamjibu: ulikuwa ukiniamini mimi, akaja hakimu wa akili akanikanusha, bila yeye ungeendelea kuniamini. Je, huenda nyuma ya akili yupo hakimu mwingine, akijitokeza ataikanusha akili kama ilivyonikanusha mimi? Kutomwona si dalili kwamba hayupo. Akatoa mfano wa ndoto hiyo hiyo. Ugonjwa huo ulimkaa karibu miezi miwili, na anasema hakupona kwa kupanga hoja. Alipona kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake.

Nawauliza watu wa akili: huyo hakimu wa tatu mmemkanusha kwa kutumia nini? Kama ni akili, mshitakiwa ndiye kakaa kwenye kiti cha hakimu.

#7 BintiMkonge

Shekhe TalibuPwani umewashika pabaya. Descartes alijaribu kutoka hapo kwa kuthibitisha kwamba Mungu yupo na si mdanganyifu, hivyo akili aliyotupa ni ya kuaminika. Wakosoaji wake wa wakati ule ule, mmoja wao padri Antoine Arnauld, wakamwambia hilo ni duara: unaitumia akili kumthibitisha Mungu, kisha unamtumia Mungu kuithibitisha akili.

Ila mimi nataka niwaletee mwanamke, maana uzi umejaa kofia na kanzu. Elisabeth wa Bohemia, binti wa kifalme aliyekuwa uhamishoni Uholanzi, alimwandikia Descartes mwezi Mei 1643 akiwa na miaka 24. Descartes alikuwa amesema roho na mwili ni vitu viwili mbalimbali kabisa, roho haina upana wala uzito, mwili ndio wenye upana. Elisabeth akauliza kwa upole wa kifalme: kitu kisicho na upana kinausukumaje mkono? Kusukuma kunahitaji kugusa, na kugusa kunahitaji uso wa kugusia.

Someni majibu ya bwana yule. Barua ya Juni mwaka huo alifika mahali akakiri kwamba muungano wa roho na mwili unajulikana vizuri zaidi kwa hisia na maisha ya kawaida na mazungumzo ya kila siku kuliko kwa kutafakari. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hutumia saa chache tu kwa mwaka kwa fikra za akili tupu. Kwa mwaka! Nyinyi mnamfanya mtu aliyejifungia chumbani maisha yake yote.

#8 TichaHesabu

Raskazone amesema atajibu kwa vitendo, namjua, atachelewa. Nimsaidie, maana hili nalifundisha.

Mbishi, nenda ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Chora mraba wa hatua 2 kwa 2. Eneo lake ni 4. Mwite mtoto yeyote anayejua kuhesabu, mwambie achore mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8. Usimwambie jibu. Atasema tuongeze upande mara mbili, iwe hatua 4. Achore. Atahesabu mwenyewe, 16, atakuna kichwa. Atasema basi hatua 3. Achore, 9. Hapo atanyamaza, na kunyamaza huko kuna thamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia amekosea, kajikamata mwenyewe.

Sasa rudi kwenye mraba wa kwanza, vuta mstari kutoka kona hadi kona ya pili. Umeukata nusu, kila nusu ni 2. Muulize: ukijenga mraba mpya juu ya mstari huo wa kukata kona, utakuwa na nusu ngapi ndani? Atachora, atahesabu: nne. Nne mara mbili ni nane. Macho yake yatabadilika.

Mazungumzo haya yamo kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Sokrates akimhoji mtumwa mdogo ambaye hakuwahi kusomeshwa hesabu. Sokrates alidai roho ilikuwa inakumbuka. Sikubaliani na hilo la kukumbuka, lakini tukio lenyewe ni la kweli, limetokea mbele yangu darasani. Mtoto hakuambiwa, na hakujua kwa mazoea, maana mazoea yake yalimpa 16. Mbishi, sarafu hiyo nani aliificha mfukoni mwake?

#9 Mbishi wa Makorora

Ticha, umemuuliza maswali ya kumwelekeza. Mstari wa kona umeutaja wewe.

Na mchanga aliutazama kwa macho.

#10 Raskazone_Jioni

Ticha asante. Mbishi, mstari kweli kautaja mwalimu, lakini kuona kwamba nusu ni nne na si tano, hilo huwezi kumpa mtu kwa swali. Na mraba wa mchangani umepinda, hatua hazilingani, wimbi likipita unafutika. Mtoto hakusema "mraba huu uliopinda una takriban nane". Alisema nane, kwa miraba yote.

Hapo ndipo Leibniz, mrazini wa Kijerumani, alipombana John Locke. Locke, Mwingereza, alisema akili ya mtoto ni karatasi nyeupe, tajriba ndiyo inayoandika. Leibniz akaandika kitabu kizima kumjibu kifungu kwa kifungu, akakimaliza kama 1704. Locke akafariki mwaka huo, Leibniz hakutaka kubishana na marehemu, kitabu kikakaa hadi 1765. Jibu lake: akili si karatasi, ni jiwe la marumaru lenye mishipa. Mchongaji bado ana kazi ya kugonga na kusugua, lakini mishipa ya jiwe imeshaonyesha umbo lipi litatoka. Wale wazee waliosema hakuna kitu akilini ambacho hakikupita kwanza kwenye hisia, aliwaongezea maneno machache tu: isipokuwa akili yenyewe.

Shekhe Talibu, swali la hakimu wa tatu sina jibu la kulimaliza, na sidhani lipo. Naona tu kwamba hata kulielewa swali la Ghazali nimetumia akili, na yeye kulipanga alitumia akili.

#11 Mkasi_Ngamiani

Nina swali la fundi. Kibandani kwangu kuna saa ya ukutani imekufa, mshale umegota saa kumi. Jana mteja kaingia, kaitazama, kasema "aa, saa kumi tayari", kaondoka mbio kuwahi basi. Na kweli ilikuwa saa kumi kamili! Je, alijua ni saa ngapi?

#12 BintiMkonge

Mkasi umetania lakini umegonga penyewe. Saa iliyokufa ni mfano wa Bertrand Russell. Tangu Plato watu walijaribu kusema kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu nzuri. Mteja wako aliamini, lilikuwa kweli, na sababu anayo: saa za ukutani kwa kawaida huaminika. Bado hakuna mtu mzima atakayesema alijua. Alibahatisha. Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 tu mwaka 1963 kwa mifano ya namna hii, na wanafalsafa hawajakubaliana mpaka leo ni kiungo gani kimekosekana.

Ukimrudia Spinoza, mteja yuko na yule muuza machungwa wa kwanza: jibu sahihi, mizizi hakuna.

#13 NahodhaMstaafu

Vijana, nimesoma yote kimya. Nina mawili.

La kwanza, bamvua. Sisi tuliijua kwa mwezi: ukiwa mpevu au ukiandama, siku moja mbili baadaye maji yanajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, na katikati hapo ni maji mafu. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Baadaye nikashika majedwali ya maji ya bandari, yanakuambia saa na dakika za mwaka mzima ujao. Mtu kakaa mezani kapiga hesabu ya maji ambayo hayajaja, na yanakuja. Mbishi hapo aseme ni mazoea tu?

La pili, kwa Raskazone, na hili si la kukufurahisha. Umesema pembetatu lazima iwe pembe mraba mbili. Chukua tufe la dunia. Anzia ncha ya kaskazini, shuka moja kwa moja hadi ikweta. Geuka pembe mraba, fuata ikweta robo ya dunia. Geuka pembe mraba tena, panda hadi ncha. Hapo juu njia zako mbili zinakutana kwa pembe mraba. Nimehesabu tatu. "Lazima" yako iko wapi?

#14 Raskazone_Jioni

Mzee wangu, shikamoo. Nilijua anayesafiri baharini ndiye atakayelileta.

Nianze na bamvua. Newton alieleza 1687 kwamba mwezi na jua vinavuta maji. Vikikaa mstari mmoja vinasaidiana, vikikaa pembe mraba vinapunguzana. Hiyo ni akili inayokwenda kwenye sababu. Lakini kwa nguvu za mwezi na jua peke yake huwezi kupata dakika za bandari ya Tanga, kwa sababu umbo la ghuba, kina chake na visiwa vya mdomoni vinachelewesha na kupandisha maji kwa namna yake. Wataalamu wa karne ya 19 wakapata njia: unapima maji ya bandari husika kwa muda mrefu, unayagawa katika mawimbi mengi madogo ambayo mwendo wa kila moja unajulikana kwa hesabu za mbingu, kisha unayajumlisha kwenda mbele. Mwendo umetoka kwenye akili, ukubwa umetoka kwenye kijiti cha kupimia. Ukiondoa kimoja huna jedwali.

La tufe ni pigo halisi. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili jiometria ya Euklidi ilikuwa ndiyo fahari ya watu wa akili. Mwaka 1829 Mrusi Lobachevsky akatoa jiometria nyingine isiyo na mgongano ndani yake, ambamo jumla ya pembe ni pungufu, na Mhungaria Bolyai akatoa yake 1832 bila kumjua mwenzake. Ya tufe inazidisha, kama ulivyoonyesha. Kisha Einstein, 1915, akasema nafasi yenyewe tunayokaa haifuati Euklidi palipo na uzito mkubwa, na 1919 wakati wa kupatwa kwa jua wapimaji waliokwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, na Sobral kule Brazili, wakaona mwanga wa nyota umepinda kandokando ya jua.

Kwa hiyo "lazima" yangu nairekebisha mipaka: ukikubali misingi hii, lazima hiki kifuate. Ni misingi ipi inayotawala dunia hii, hilo linaulizwa nje. Lakini angalieni nani aliyefungua mlango. Hakuna jicho lililomwonyesha Lobachevsky umbo lile. Alilifikia kwa kukataa msingi mmoja na kufuata hoja bila kuogopa, miaka 86 kabla Einstein hajalihitaji.

#15 Mbishi wa Makorora

Kwa hiyo umekubali.

#16 Raskazone_Jioni

Nusu. Nusu nyingine njoo uichukue.

#17 Mbishi wa Makorora

Naja. "Hakuna kitu bila sababu ya kutosha", hiyo ni ya Leibniz wenu. Ya akili au ya macho? Wana Tanga mnaijua vita ya Novemba 1914. Waingereza wameshusha jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck wako kama elfu moja, risasi zinapasua mizinga ya nyuki mitini, nyuki wanashambulia kila mtu bila kuuliza bendera. Waingereza wakatoka hapo na habari kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki makusudi. Mnaona? Mkidai kila jambo lazima liwe na sababu, mtu akikosa sababu anaibuni.

Na shekhe Talibu anajua kwamba Ghazali huyo huyo alisema moto na pamba hakuna ulazima kati yao. Tunaona pamba inaungua moto ukiwepo, hatuoni inaungua kwa sababu ya moto. Hume alikuja kusema vile vile zaidi ya miaka 600 baadaye.

#18 TalibuPwani

Kweli kabisa, katika kitabu chake cha Tahafut. Ila Ghazali alikuwa akimrudishia Mungu kitendo, Hume alikuwa akikirudishia kitendo mazoea yetu. Usiwapange safu moja ukaondoka.

#19 Raskazone_Jioni

Mbishi, nyuki wako mimi nawapokea. Akili ilidai kuwe na sababu, na sababu ilikuwepo: mizinga imepigwa. Kuchagua ni sababu ipi si kazi iliyokabidhiwa akili tupu, na askari mwenye uso uliovimba si shahidi mtulivu.

Kuhusu swali lako lenyewe, aliyelibeba ni Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa mji wa Königsberg, 1781. Alikiri Hume ndiye aliyemwamsha usingizini. Ana mfano mzuri. Simama mbele ya nyumba. Unaweza kuitazama kuanzia paa kushuka msingi, au msingi kupanda paa. Mpangilio ni wako. Sasa simama kivukoni Pangani, tazama mtumbwi unaoteremka na mto. Utauona kwanza juu, kisha chini. Huwezi kugeuza. Ukijua kwamba mtumbwi umetembea, na si macho yako yaliyotembea, umeshakubali kwamba mpangilio ule unafungwa na kanuni nje yako. Kwa hiyo, anasema Kant, hatukuipata kanuni ya sababu kwa kuona matukio mengi. Bila kanuni hiyo tusingekuwa na tukio hata moja la kuona. Tungekuwa na picha zinazopita tu.

#20 Mbishi wa Makorora

Hiyo ya mtumbwi imenikaa, sikufichi. Lakini inanionyesha kwamba mimi siwezi kufikiri bila kanuni hiyo, hainionyeshi kwamba mto wenyewe unaifuata. Hume angeliuliza hilo hilo. Jibu hapo bila kunipa nyumba nyingine.

Na BintiMkonge, yule binti wa kifalme hajajibiwa mpaka sasa namna roho inavyosukuma mkono. Usiwaachie.